Nafuu Si Kupona: Kwa Nini Dawa za Kifua Kikuu Humezwa Miezi Sita

Ndugu msomaji, lugha yetu ya Kiswahili ina hekima ya kutenganisha mambo mawili ambayo mgonjwa hupenda kuyachanganya, yaani kupata nafuu na kupona. Mwenye nafuu ni yule ambaye homa imemwachia, hamu ya chakula imemrudia na miguu yake imeanza tena kumbeba. Aliyepona ni yule ambaye ugonjwa wenyewe umemtoka. Kwa maradhi mengi tofauti ya hali hizo mbili ni siku chache tu, na kwa hiyo haitusumbui. Kwa kifua kikuu tofauti hiyo yaweza kuwa miezi minne, na ni katika miezi hiyo minne wagonjwa wengi hupotea njia.

Mfikirie mkulima wa Sepuka, katika Wilaya ya Ikungi, Mkoa wa Singida. Mvua za Desemba zimeanza, naye amekuwa akikohoa kwa wiki kadhaa, akilowa jasho usiku na kukonda. Makohozi yake yamepimwa, vijidudu vimeonekana, na dawa amepewa. Ifikapo Februari kikohozi kimekwisha. Palizi ya mtama na alizeti inamngoja, na kila siku anayoitumia kufuata vidonge ni siku iliyotoka katika kazi ya shamba. Basi hujiuliza: "Mimi ni mzima, vidonge hivi nimeze vya nini tena?"

Swali hilo si la kijinga, wala halistahili kujibiwa kwa amri na karipio. Lina jibu, na ni jambo la kujivunia kwamba sehemu kubwa ya jibu hilo ilipatikana kwa utafiti uliofanywa hapa hapa Afrika Mashariki, kwa ushirikiano wa wagonjwa wa kwetu wenyewe.

KIJIDUDU KISICHO NA HARAKA

Kijidudu kinacholeta kifua kikuu kilitangazwa na Mjerumani Robert Koch mjini Berlin tarehe 24 Machi, 1882. Tabia yake moja ndiyo inayotutesa mpaka leo: hakina haraka. Bakteria wengi, wakipata chakula na joto la kutosha, hugawanyika kila baada ya nusu saa au pungufu. Hiki huchukua karibu siku nzima kujigawa mara moja. Kwa sababu hiyo, kukiotesha katika maabara ni kazi ya wiki kadhaa.

Tena, ndani ya kifua cha mgonjwa vijidudu havifanani kwa hali. Vingi vinakua na kuongezeka, na vichache vimelala. Dawa nyingi hukiua kijidudu kinapokuwa kazini. Kilicholala hazikipati kwa urahisi. Wiki za kwanza za matibabu huangamia vile vingi vilivyo kazini, na hapo ndipo nafuu huja. Vilivyolala hubaki kama makaa chini ya majivu. Jiko laonekana limezima, lakini upepo ukivuma moto huwaka upya.

KIDOLE KIMOJA HAKIVUNJI CHAWA

Hospitali ya Kibong'oto, mkoani Kilimanjaro, ilipoanzishwa mwaka 1926 kwa ajili ya wagonjwa wa kifua, hapakuwa na dawa yoyote ya kukiua kijidudu hiki. Mgonjwa alipewa mapumziko, hewa safi na chakula kizuri, kisha akaachiwa mwili wake upigane wenyewe.

Mwaka 1943, huko Marekani, iligunduliwa dawa ya streptomisini. Mwaka 1948 Waingereza walitangaza matokeo ya kuijaribu kwa wagonjwa. Walipata nafuu kubwa, lakini baada ya miezi michache kwa wengi wao dawa ilianza kushindwa. Miongoni mwa mamilioni ya vijidudu huwamo vichache ambavyo kwa maumbile yake havidhuriki na dawa fulani. Ukitumia dawa moja peke yake, unaua vilivyo dhaifu na kuviachia shamba lote vile vilivyo sugu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kuanzia hapo ikawa kanuni kwamba kifua kikuu hupigwa kwa dawa zaidi ya moja kwa pamoja.

Kanuni hiyo ilifaa, ila safari yake ilikuwa ndefu. Katika Afrika Mashariki, matibabu ya bei nafuu ya streptomisini, isoniazidi na thiasetazoni yalidumu mwaka mmoja na nusu. Ni watu wangapi wenye mashamba, mifugo na watoto wangeweza kumeza dawa miezi 18 bila kukatisha?

HESABU ILIYOFANYWA KWETU

Mwaka 1970 watafiti wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, wakishirikiana na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, walianza jaribio kubwa. Waliwagawa wagonjwa katika makundi kwa kura. Kundi moja lilipewa matibabu ya kawaida ya miezi 18. Mengine manne yalipewa matibabu ya miezi sita tu, yote yakiwa na streptomisini na isoniazidi. Kundi la kwanza kati ya hayo liliongezewa rifampisini, la pili pirazinamidi, la tatu thiasetazoni, na la nne halikuongezewa kitu. Kisha, na hili ndilo jambo kuu, watafiti hawakuishia kwenye siku ya kidonge cha mwisho. Waliendelea kuwafuatilia wagonjwa ili wajue ugonjwa utamrudia nani.

Walipomaliza miezi sita, wagonjwa walio wengi katika makundi yote walikuwa na makohozi safi. Kama kazi ingeishia hapo, makundi yote yangedhaniwa kuwa sawa. Ufuatiliaji ndio uliotoa ukweli. Waliopewa streptomisini na isoniazidi peke yake, 29 katika kila 100 walirudiwa na ugonjwa. Waliokuwa na thiasetazoni walirudiwa 22 katika kila 100, na wale wa pirazinamidi 8. Waliokuwa na rifampisini walirudiwa 3 tu, sawa kabisa na wale waliotibiwa miezi 18. Ikajulikana kwamba zipo dawa zinazovifuata vijidudu hata vilipolala, na kwamba mwaka mmoja na nusu waweza kupunguzwa ukawa miezi sita.

Baada ya hapo likafuata swali ambalo hata mkulima wetu wa Sepuka angeliuliza: ikiwa sita inatosha, je, minne? Mwishoni mwa miaka ya 1970 nchi za Afrika Mashariki na Kati zilijaribu michanganyiko mitano ya miezi minne, ikitumia dawa zile zile zenye nguvu. Mchanganyiko uliofanya vizuri kuliko yote uliwaacha wagonjwa 11 katika kila 100 wakirudiwa na ugonjwa, na uliofanya vibaya zaidi 40. Basi miezi sita si namba iliyobuniwa na mtu ofisini.

Mkulima anaijua hesabu ya namna hii. Anayeanza dawa wakati wa kupanda, mwezi Desemba, humaliza karibu na mavuno. Miezi miwili ya kwanza, yenye dawa nne, ni kama kulima na kupalilia. Miezi minne inayofuata, yenye dawa mbili, ni kulinda kilichopandwa. Hakuna mtu wa Singida anayelitupa shamba lake mtama unapochanua kwa kuwa tu unapendeza kuutazama.

MFANO KWA ULIMWENGU

Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma. Mshauri wake mkuu alikuwa Karel Styblo, daktari kutoka Chekoslovakia ambaye yeye mwenyewe aliwahi kuugua kifua kikuu akiwa mfungwa katika kambi ya Wanazi huko Mauthausen. Kuanzia mwaka 1982 mpango ulitumia matibabu mafupi ya miezi minane. Mgonjwa alishuhudiwa akimeza dawa, makohozi yake yalipimwa tena na tena, na matokeo ya kila aliyeanza yaliandikwa katika daftari. Shirika la Afya Duniani lilipotangaza mwaka 1993 kwamba kifua kikuu ni hali ya dharura ya dunia nzima, utaratibu uliojengwa Tanzania ndio uliokuwa miongoni mwa misingi ya mkakati uliopelekwa katika mataifa mengine.

Njia haikuwa tambarare. UKIMWI uliongeza wagonjwa kwa kasi, na mwaka 1991 uchunguzi kutoka Nairobi ulionyesha kwamba thiasetazoni huwaletea wenye virusi vya UKIMWI madhara ya ngozi yanayoweza kuua. Dawa hiyo ikaachwa, ethambutoli ikashika nafasi yake, na baadaye Tanzania ikahamia matibabu ya miezi sita yenye rifampisini toka mwanzo hadi mwisho.

Utafiti haujasimama. Mwaka 2021 yalitangazwa matokeo ya jaribio lililohusisha pia wagonjwa wa Kenya na Uganda, yakaonyesha kwamba mchanganyiko mpya wenye rifapentini na moksifloksasini waweza kumaliza kazi kwa miezi minne. Lakini hizo ni dawa nyingine. Aliyepewa za miezi sita hawezi kujipunguzia mwenyewe.

ANAYEKATISHA HUWAUMIZA WENGINE

Mwenye kuacha dawa njiani hujihatarisha, na hatari yake haimwishii yeye. Vijidudu vilivyoonja dawa bila kufa vyaweza kugeuka sugu, naye akawaambukiza wanawe ugonjwa usiosikia dawa za kawaida. Mwaka 2009 Kibong'oto ilianza kuwatibu wagonjwa wa aina hiyo, na wakati huo matibabu yao yalikuwa ya muda mrefu kuliko ya kawaida, yenye sindano nyingi na maudhi makali. Siku hizi zipo dawa bora, na mashine ya GeneXpert hutambua kijidudu pamoja na usugu wa rifampisini kwa muda wa saa mbili hivi. Hata hivyo, kuzuia usugu ni rahisi kuliko kuutibu.

NDANI YA NYUMBA YAKO

Mambo machache, basi, yafaa kukumbukwa na kila familia.

Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kipimwe. Kwa aliye na virusi vya UKIMWI, kikohozi chochote kile. Vipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya serikali. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Nyumba ya tembe huhifadhi joto vizuri wakati wa kipupwe, lakini vidirisha vyake ni vidogo na hewa yake hutuama. Fungueni mlango na madirisha mchana, na mgonjwa akae nje kadiri awezavyo, kwa maana jua na upepo ni adui wa kijidudu hiki. Maziwa yachemshwe, kwa kuwa ng'ombe naye ana kifua kikuu chake kinachoweza kumpata binadamu. Watoto wadogo wanaoishi na mgonjwa wapelekwe wakapimwe. Asiyeugua hupewa dawa ya kinga.

Mkojo ukigeuka rangi ya chungwa, mgonjwa asishtuke. Ni rangi ya rifampisini. Macho yakiwa ya manjano, arudi kituoni upesi. Mama anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango amweleze mganga, kwani rifampisini hupunguza nguvu yake. Na kijana anayetaka kwenda machimboni kutafuta dhahabu kabla ya kumaliza dawa aombe barua ya uhamisho, ili aendelee kupata vidonge huko aendako. Akumbuke pia kwamba vumbi la mwamba hulidhuru pafu na kulifungulia ugonjwa huu mlango.

Ndugu msomaji, wagonjwa wa mwaka 1970 walikubali kufuatiliwa hata baada ya kujiona wazima. Miongoni mwao walikuwapo waliorudiwa na ugonjwa, na kwa mateso yao sisi tukajua dawa ipi inatosha na muda gani hautoshi. Majina yao hayakuandikwa katika majarida ya kitabibu. Kilichobaki ni ile miezi sita iliyoandikwa kwenye kadi ya kila mgonjwa. Nyumbani kwako akiwamo mwenye kadi hiyo, msaidie aijaze mpaka mstari wa mwisho.