Hajiuzi, Anauzwa

Kuna neno moja ambalo hutamkwa kila jioni katika mitaa ya Thika na Ruiru, tena aghalabu hutamkwa na watu wema wasiokuwa na nia mbaya, ambalo kwa maoni yangu linasitiri uhalifu mkubwa kuliko wizi wa mabavu. Neno lenyewe ni "anajiuza".

Kwa mtu ambaye kazi yake ni kuchambua lugha, kiambishi -ji- hakiwezi kupita hivi hivi bila kuulizwa maswali. Kazi yake ni kulirejesha tendo kwa yule aliyelitenda. Anayejikata amekata na papo hapo amekatwa. Anayejisifu ni msifu na msifiwa. Kwa hiyo tusemapo kwamba msichana fulani anajiuza, tumempa nafasi mbili kwa mpigo: yeye ndiye mfanyabiashara na yeye ndiye bidhaa. Aliyemtoa kwao hayumo katika sentensi hiyo. Mwenye nyumba hayumo. Anayepokea pesa mlangoni hayumo. Mnunuzi naye, ambaye bila yeye soko lote lingefungwa usiku huo huo, ametoweka. Sentensi imekamilika kisarufi, na hakuna mtu aliyebaki ndani yake isipokuwa mtoto wa miaka 16.

Miezi kadhaa iliyopita nilikuwa ndani ya matatu iliyokuwa ikingoja abiria pale Ruiru, yapata saa mbili usiku. Ng'ambo ya barabara walisimama wasichana watatu mlangoni pa gesti. Utingo akawaelekezea kidevu, akaniambia, "Hao wanajiuza, mzee. Hata hawana haya." Mama mmoja aliyeketi nyuma yangu, kikapu cha maparachichi mapajani, akamwuliza bila kuinua sauti: "Na yule mwanamume anayehesabu pesa pale kando yao anauza nini, kijana wangu?" Utingo hakuwa na jibu. Mama huyo yamkini hajawahi kusikia habari za isimu, lakini swali lake ndilo hasa ambalo neno "anajiuza" limeundwa kulikwepa.

Hebu tuitazame miji hii miwili jinsi ilivyo. Thika ni njia panda. Barabara itokayo Garissa na Mwingi hukutana hapo na ile itokayo Meru, Embu na Murang'a, kisha safari zote huteremka pamoja kuelekea Nairobi, mwendo wa kilomita 40 hivi. Ni mji uliolelewa na kahawa, mananasi na viwanda, na kwa miaka mingi umewapokea watu waliokuja kutafuta kibarua. Ruiru, iliyokuwa kituo kidogo katikati ya mibuni, ilikwisha kuipita Thika kwa idadi ya wakazi kufikia sensa ya 2019. Tangu barabara kuu ilipofunguliwa rasmi mwaka 2012, majumba ya kupangisha yameota kama uyoga baada ya mvua. Mji unaokua kwa kasi namna hiyo haumwulizi mgeni ametoka wapi wala ameletwa na nani. Kwa kijana anayetafuta kazi, jambo hilo ni neema. Kwa anayetaka kumficha mtoto wa mwenziwe, ni neema vilevile.

Wengi wetu tukisikia habari za ulanguzi wa binadamu hufikiria kamba, kitambaa cha kuziba kinywa, na meli ya usiku. Sivyo ilivyo. Biashara hii huanza kwa ukarimu. Mtu anayejulikana, pengine jirani, pengine jamaa wa mbali, hufika nyumbani na habari za kazi: yaya anatakikana, mhudumu wa mkahawa anatakikana, msaidizi wa saluni anatakikana. Nauli atalipa yeye. Wazazi hushukuru, na huenda hata kuku akachinjwa. Msichana akifika mjini huambiwa kwamba kazi ile imekwisha kuchukuliwa, ila ipo nyingine katika baa. Hapo ndipo daftari hufunguliwa: nauli, chakula, kitanda, nguo, mafuta ya nywele. Kila siku deni huongezeka. Kitambulisho kimewekwa "mahali salama". Simu imeazimwa. Akikataa anachoamriwa, huambiwa kwamba picha zake zitafika kijijini kabla yeye hajafika. Mnyororo wa nini tena? Deni na aibu humfunga mtu kuliko chuma.

Wala wauzaji si wanaume peke yao. Mwezi Agosti 2025, BBC ilitangaza uchunguzi wake kuhusu mji wa Maai Mahiu, kwenye barabara ya malori katika Bonde la Ufa, ambapo wanawake waitwao "madamu" walirekodiwa kwa siri wakizungumzia biashara yao ya wasichana, akiwamo mmoja wa miaka 13. Tulitafakari jina hilo la heshima. Kwingineko huitwa "anti", au "mama". Lugha yetu ina hazina kubwa ya majina ya ukoo na heshima, nayo hutufunza kumwamini anayeitwa hivyo. Mlanguzi anaijua hazina hiyo, na huitumia kama mwindaji atumiavyo chambo. Kikulacho ki nguoni mwako.

Sasa na tuiulize sheria inasemaje, maana sheria yetu, kwa bahati njema, ina sarufi bora kuliko ya mitaani. Kenya ilijiunga mwaka 2005 na Itifaki ya Palermo, iliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2000. Bunge likatunga Sheria ya Kupambana na Ulanguzi wa Binadamu mwaka 2010, nayo ikaanza kutumika mwaka 2012. Sheria hiyo haidai mpaka wa nchi uvukwe. Kumsajili mtu, kumsafirisha, kumhamisha, kumhifadhi au kumpokea, kwa hila au kwa kulazimisha au kwa kutumia unyonge wake, kwa nia ya kumnyonya: lolote kati ya hayo latosha kuwa kosa. Basi msichana aliyetolewa Mwingi akafungiwa chumbani Ruiru amelanguliwa sawasawa na yule aliyepandishwa ndege kwenda Ghuba. Sheria yasema pia kwamba hila ikishatumika, ridhaa ya aliyelanguliwa haina uzito wowote. Na akiwa mtoto wa chini ya miaka 18, hata hila yenyewe haihitaji kuthibitishwa. Adhabu ya mlanguzi si chini ya kifungo cha miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Mwenye nyumba anayeikodisha akijua inatumiwa kwa biashara hiyo ana kosa lake. Anayeendesha ofisi ya kutafutia watu kazi kwa nia hiyo ana lake.

Lakini kifungu ninachokithamini zaidi ni cha 14. Hicho kinasema kwamba aliyelanguliwa hatashtakiwa kwa tendo la jinai lililotokana moja kwa moja na kulanguliwa kwake. Kwa maneno mengine, sheria imeikataa ile -ji-. Imesema: huyu hakutenda, alitendwa.

Je, kwa nini basi mambo hayabadiliki? Sababu ni nyingi: umaskini, hongo, uhaba wa makazi ya kuwahifadhi wanaookolewa. Mimi nitaitaja ile iliyo karibu na taaluma yangu. Msichana akikamatwa katika msako wa usiku, jambo la kwanza linalomtokea kituoni ni kuandikwa. Askari hufungua kitabu cha matukio na kuchagua maneno. Akiandika kwamba amekutwa akizurura kwa nia ya ukahaba, kosa ambalo limo, kwa mfano, katika sheria ndogo za Jiji la Nairobi za mwaka 2007, basi binti huyo ni mshtakiwa. Atalipiwa faini asubuhi. Na ni nani atakayemlipia? Ni yule yule mwenye daftari, naye ataiongeza faini hiyo juu ya deni. Askari akiandika kwamba amekutwa mtu anayeshukiwa kuwa amelanguliwa, binti huyo ni shahidi, analindwa na kifungu cha 14, na swali linalofuata ni: amelanguliwa na nani? Tofauti ya miaka mingi ya maisha ya mtu hukaa katika mstari mmoja wa kalamu.

Neno jingine linalohitaji kukaguliwa ni "mteja". Anayenunua chumvi dukani ni mteja, na anayelipa ili apewe mtoto chumbani tunamwita vilevile mteja. Kila mwenye simu nchini amewahi kuisikia sauti ile ikimwarifu kwamba mteja hapatikani. Katika kesi za namna hii pia, mteja mara nyingi hapatikani. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 haimjui mtu huyo kwa jina la mteja. Inamwita mnajisi, awe amelipa au hakulipa. Mtoto akiwa na umri wa miaka 12 hadi 15, kifungo kilichoandikwa ni kisichopungua miaka 20. Akiwa wa miaka 16 hadi 18, kisichopungua miaka 15. Na tusijidanganye kwamba wanunuzi ni wageni watupu. Utafiti wa Serikali na UNICEF wa mwaka 2006 kuhusu Pwani ulikadiria kwamba wasichana kati ya 10,000 na 15,000 walikuwa wamezama katika biashara ya ngono huko, na katika orodha ya wateja kwa uraia wao, waliotangulia walikuwa Wakenya wenzetu.

Historia ya Pwani hiyo hiyo ina funzo la kusikitisha. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873. Hali ya utumwa ikafutwa kisheria huko mwaka 1897, lakini masuria, yaani wajakazi waliowekwa kwa ajili ya kitanda cha bwana, hawakuhesabiwa katika uhuru huo. Iliwabidi wangoje hadi mwaka 1909. Miaka 12 nzima, mtumwa wa shambani alikuwa na haki ya kudai uhuru wake, na mtumwa wa chumbani hakuwa nayo, kwa sababu waungwana walikubaliana kwamba hali yake si utumwa bali ni jambo la nyumbani. Ningependa kuamini kwamba tumeendelea. Lakini tunaposema "anajiuza" na kupita zetu, tunatoa hoja ile ile kwa neno jipya.

Najua kuna atakayenipinga. Atasema kwamba si kila mwanamke aliye katika kazi hiyo ameletwa na mlanguzi. Kwamba wapo watu wazima waliochagua wenyewe, na kuwaita wote wahanga ni kuwanyang'anya akili zao. Pingamizi hilo lina nguvu, wala silikwepi. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu ukahaba katika Nairobi ya kikoloni, alionyesha kwamba wanawake wengi wa wakati huo walijifanyia kazi bila bwana yeyote wa kuwachunga, na baadhi yao wakajenga na kumiliki nyumba. Alionyesha pia kwamba wenyeji walikuwa na majina mbalimbali, malaya, watembezi na waziwazi, kulingana na namna kila mmoja alivyoifanya kazi yake. Hao, tuwapende tusiwapende, walikuwa watendaji wa vitenzi vyao.

Lakini mfano huo waniunga mkono. Watu wa Pumwani walikuwa makini kutofautisha hali na hali, ilhali sisi tumezirundika zote chini ya neno moja. Hatusemi kwamba kila aliye mlangoni pa gesti ameuzwa. Tunasema kwamba neno "anajiuza" hutoa hukumu kabla ya swali kuulizwa, na kwamba kwa mtoto, swali la kuchagua halipo kabisa.

Napendelea neno ambalo Wakenya wamelizoea, "ulanguzi", kuliko "usafirishaji" uliotumiwa katika sheria ya Tanzania ya mwaka 2008. Usafirishaji humfanya msikilizaji atafute gari, na asipoliona gari huona hakuna kosa. Kulangua ni kujipatia bidhaa ili uiuze kwa faida isiyo ya haki. Neno lenyewe linamtaja mfanyabiashara. Hapo ndipo macho yetu yanapostahili kuelekea.

Nafahamu kwamba neno halimlishi mtu wala halivunji kufuli. Hata hivyo kila anayeweza kulivunja kufuli hilo huanza kwa kuamua ameona nini. Mwenye ploti anayepokea kodi ya vyumba vinne kutoka kwa mtu mmoja, na kuona nyuso za wasichana zikibadilika kila mwezi, na aulize. Utingo anayemwona mtoto amesindikizwa na mtu asiyejua hata jina la baba yake, na aulize. Mwalimu ambaye mwanafunzi wake ameacha shule kwa kuwa "amepata kazi Thika", na aulize kazi gani, kwa nani, nambari gani ya simu. Chifu na mzee wa mtaa wana mamlaka ya kuuliza, tena sharti wayatumie. Simu ya watoto, nambari 116, hupigwa bila malipo. Askari na achague maneno yake kwa uangalifu kabla ya kuiweka kalamu kitabuni, nasi waandishi wa magazeti tufanye vivyo hivyo.

Kauli ya kutendwa ina mlango mmoja ambao -ji- imeufunga, nao ni kile kiunganishi kidogo "na". Mtu akisema "anauzwa", sikio la Mswahili halitulii mpaka lisikie yaliyobaki: anauzwa na nani? Tukizoea kuliuliza swali hilo katika matatu, sokoni, kituoni na mahakamani, walanguzi wa Thika na Ruiru watakosa mahali pa kujificha katika maneno yetu.