KUVUKA MAJI NA KITI CHA MAGURUDUMU

Vikundi vingi tunavyotembelea vina mwanachama mmoja au wawili wanaotumia kiti cha magurudumu. Mchango wao wa kila mwezi unapokelewa na majina yao yamo katika daftari. Lakini ikipangwa safari ya kutembelea kikundi kingine, na njiani kuna feri au mashua, utasikia: "Huyu tumwache, maji yatamsumbua." Basi anabaki nyumbani, na mafunzo ya wenzake anayapata nusu nusu.

Tukitazama vizuri, taabu kubwa haiko majini. Feri ikishaondoka, aliyeketi kwenye kiti chake pengine ametulia kuliko sisi tuliosimama. Taabu iko katika zile hatua chache za kutoka nchi kavu hadi chomboni. Na hatua hizo zinaweza kupangwa.

Kwanza, mwulizeni mwenyewe

Yeye ndiye anayejua mwili wake na kiti chake. Je, anaweza kusimama kidogo? Ashikwe wapi asiumie? Kiti nacho kishikwe wapi? Viti vingine vina mikono inayochomoka: ukiinulia hapo, unabaki na mkono wa kiti, na mwenzako yuko chini.

Kiti cha kawaida huwa na uzito wa kilo 15 hadi 20 hivi. Kikiwa kitupu, watu wawili wanakibeba bila shida. Kile chenye mota na betri chaweza kupita kilo 100, na hicho si cha kubeba mabegani. Kama hakuna njia ya mteremko mpaka chomboni, heri kiachwe kwa mtu mwaminifu na muazime cha kusukuma. Maji ya chumvi yakiingia kwenye betri na nyaya, ni hasara.

Tukivuka Likoni

Likoni, Mombasa, wanaokwenda kwa miguu huvuka bure, na mtu huingia kwa mteremko, si kwa ngazi. Lakini bahari haikai mahali pamoja. Siku za bamvua maji hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, na kutoka kupwa hadi kujaa ni kama saa 6. Maji yakiwa yamekupwa, mteremko wa kushukia unakuwa mrefu, na chini kuna utelezi. Waulizeni wenyeji saa za maji kabla ya kupanga safari.

Msikimbilie feri pamoja na umati. Ongeeni na wafanyakazi wa feri, kisha ngojeeni msongamano upungue. Tusisahau kwamba tarehe 29 Aprili 1994 feri ilipinduka Mtongwe ikiwa imejaza watu kupita kiasi, na watu 272 wakafa.

Wakati wa kushuka, kiti kigeuzwe kitangulie kinyumenyume. Msukumaji awe upande wa chini, arudi nyuma polepole, na mwingine ashike fremu kwa mbele. Wakati wa kupanda, mwenye kiti atazame juu, asukumwe kutoka nyuma. Pale mlango wa feri unapogusa ardhi, magurudumu madogo ya mbele hunasa. Magurudumu makubwa yavuke kwanza.

Mkishaingia, kaeni katikati, mbali na mlango. Fungeni breki zote mbili, na kama kiti ni cha mota, kizimwe. Tarehe 29 Septemba 2019 gari dogo liliteremka kinyumenyume kutoka feri ya MV Harambee katikati ya kivuko, na mama na mtoto wake wakafa. Gari liliteleza, sembuse kiti!

Mtumbwi na boti ndogo

Huku mambo ni tofauti. Mtu asikae juu ya kiti chake, kwa sababu kiko juu mno na boti itayumba. Ahamishwe aketi chini katikati, na kiti kikunjwe kifungwe peke yake. Jaketi la kujiokolea livaliwe tukiwa bado nchi kavu. Na tafadhali, mtu asifungwe kamba wala mkanda hata kama anayumba. Boti ikipinduka, mkanda huo ndio utakaomzamisha. Aketi mwenzake nyuma yake, amwegemee.

Wakati wa kumhamisha, boti ishikwe pande zote mbili, na mtu mmoja tu atoe amri: "Moja, mbili, inua!" Kila mtu akiamrisha, mtamwangusha.

Si kuombaomba

Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote na kutumia usafiri wa umma bila vizuizi visivyo vya lazima. Kwa hiyo mkizungumza na mwenye boti au ofisa wa kivuko, zungumzeni kwa heshima, lakini bila kujikunja. Asiye na kiti ajiandikishe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ambalo lina mfuko wa kusaidia kupata vifaa kama hivyo na kusaidia vikundi pia.

Na pale kwenu penye gati dogo la ngazi, kikundi kinaweza kujenga mteremko. Kipimo cha mafundi ni hiki: kila sentimita 1 ya kupanda inataka sentimita 12 za urefu. Ngazi za nusu mita zitataka mteremko wa mita 6. Mama mwenye ndoo za samaki, mzee wa bakora na kijana wa mkokoteni, wote watapita hapo hapo.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Ni nani katika kikundi chetu aliyebaki nyumbani safari iliyopita? Je, tulimwuliza, au tulimwamulia?
2. Katika kivuko tunachotumia, ni hatua ipi iliyo ngumu zaidi?
3. Tunaweza kurekebisha nini wenyewe, na nini tukadai kwa wahusika?

Jibuni swali la kwanza mwenyewe akiwapo.