Si Kila Shomoro ni Mwizi wa Mpunga

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni juma lililopita katika kipindi chetu cha kila wiki.)

 Juma hili nataka tuzungumze juu ya kiumbe ambaye kila mkaaji wa mjini humwona kutwa mara kumi, na pengine hajamtazama hata mara moja. Nazungumza juu ya shomoro, yule ndege mdogo wa rangi ya vumbi anayeokota makombo ya chapati chini ya meza.

Huenda utaniuliza: shomoro ana habari gani hata atajwe redioni? Ana habari, tena nzito. Mnamo Januari 2023, wakulima wa mpunga katika eneo la Kisumu walivamiwa na makundi makubwa ya ndege waitwao kweleakwelea. Serikali ilituma wanyunyizaji wa dawa, magazeti yakaandika, redio zikatangaza, na kwa majuma kadhaa nchi nzima ilikuwa ikizungumza juu ya “ndege wadogo wa kahawia wanaomaliza chakula chetu”. Maneno hayo yalikuwa ya kweli. Shida ni kwamba ndege wadogo wa kahawia ni wengi, na mji wetu umejaa wengine wasiohusika na kesi hiyo hata kidogo.

Mtaani kwetu, upande wa Eastlands, habari hiyo ilizaa mpango. Mama mmoja mwenye kibanda cha nafaka, mtu ninayemheshimu sana, aliwaona ndege wakiingia na kutoka chini ya mabati ya plot ya jirani, wakishuka mara kwa mara kudonoa mtama wake uliokuwa umeanikwa. Akakata shauri kwamba kwelea wamefika Nairobi. Kijana mmoja akatumwa kutafuta sumu ya kuchanganya na mchele. Jioni nilipopita hapo akaniambia, “Baba, wewe ni mtu wa redio. Watangazie watu kwamba hawa wadudu wamefika.” Nikamwomba anipe dakika tano, nikaenda nyumbani kuleta darubini yangu ndogo, nikamwomba atazame mwenyewe, kisha aniambie ndege huyo ana rangi gani mdomoni na kooni. Alitazama kwa muda mrefu. “Mdomo ni mweusi,” akasema. “Na kooni ana ndevu nyeusi.” Basi nikamwambia, “Mama, huyo si kwelea. Huyo ni shomoro wa nyumbani, na mdomo huo ndio hati yake ya kumtoa mahabusu.” Sumu haikununuliwa. Kuku wa mtaa, paka na watoto wanaookota kila kitu nao walisalimika.

Tuanze basi na mshtakiwa mwenyewe. Kwelea ni mdogo kuliko shomoro wa nyumbani. Urefu wake ni kama sentimita 12, hali shomoro hufika 15 hivi. Mkia wake ni mfupi. Wakati wa kuzaa, dume huwa na uso mweusi kama aliyevaa barakoa, na kichwa na kifua chake huweza kuwa na rangi ya waridi au ya manjano. Wakati huo hakuna wa kumkosea. Taabu huja msimu wa kuzaa ukipita, kwa maana dume huvua mapambo yake yote akabaki na manyoya ya kahawia yenye michirizi, sawa na jike, na wote wawili wakafanana na shomoro jike kama mapacha. Hapo ndipo mdomo unapotoa ushahidi. Mdomo wa kwelea ni mnene na mwekundu. Jike hubadilisha wake ukawa wa manjano anapozaa, lakini msimu huo ukiisha wekundu hurudi. Shomoro hana mdomo mwekundu wakati wowote wa mwaka.

Ushahidi wa pili ni makazi. Kwelea hajengi chini ya mabati wala ndani ya taa ya barabarani. Hujenga porini, kwenye miti ya miiba au matete, maelfu kwa maelfu pamoja, na huruka kwa kundi linaloonekana kwa mbali kama moshi. Kwelea mmoja hula kadiri ya gramu 10 za nafaka kwa siku. Hiyo ni kidogo sana, lakini piga hesabu: ndege milioni moja watakula tani 10 kwa siku moja. Ndiyo maana mkulima wa Ahero au Mwea hulazimika kulipa watu wa kupiga kelele na kurusha udongo kutwa nzima. Sina neno la kumlaumu mkulima huyo. Ninachosema ni kwamba ndege wanne juu ya kibanda cha mboga si jeshi.

Sasa tugeukie shomoro wenyewe, maana nao si mmoja. Hapa Nairobi na viungani mwake mtu anayeanza kutazama ndege anaweza kukutana nao wa aina kadhaa, na ndio wanaowavunja moyo wanafunzi wengi. Mimi nawashauri wanaoanza wajifunze mmoja tu kwanza, mpaka wamfahamu kama wanavyofahamu sare ya shule ya watoto wao. Huyo mmoja na awe shomoro wa nyumbani.

Shomoro wa nyumbani ni mgeni. Alivuka bahari kwa mkono wa binadamu, akakaa pwani kwa miaka mingi katika miji kama Mombasa na Zanzibar, kisha akapanda bara akifuata barabara, vituo vya petroli na mahoteli ya madereva, hata akafika Nairobi kuelekea mwisho wa karne ya 20. Dume ana utosi wa kijivu, na kuanzia jichoni kwenda kisogoni ana rangi ya hudhurungi iliyoiva. Mashavu yake ni meupe-meupe. Kooni na kifuani ana doa jeusi kama ndevu. Mgongo wake una michirizi myeusi juu ya kahawia. Jike hana ndevu hizo. Yeye ni wa rangi ya vumbi, kifua hakina michirizi, na nyuma ya jicho ana mstari mwembamba uliofifia. Jike huyu ndiye mgumu kuliko wote, lakini ana msaada mmoja: mara nyingi mumewe yuko karibu. Mtafute dume kwanza, naye atakutambulishia jike.

Ukishamjua huyo, uko tayari kwa wenyeji. Wa kwanza ni shomoro mwekundu wa Kenya, mkazi wa nyanda za juu, anayeonekana Nairobi, Naivasha na Nakuru. Kwa haraka utadhani ni yule yule, kwa sababu naye ana utosi wa kijivu na doa jeusi kooni. Lakini mtazame jicho. Jicho la shomoro wa nyumbani ni jeusi-jeusi, na la huyu ni la rangi ya malai, limepauka hata uso wake unaonekana kama wa mtu aliyeshtuka. Tena doa la kooni ni dogo, na nyuma ya jicho ana mstari mwekundu wa kutu unaozunguka shavu. Akiruka, utauona wekundu huo pia juu ya mkia.

Wa pili ni shomoro wa kichwa cha kijivu. Huyu ni mtu asiyependa urembo: kichwa chote ni kijivu kitupu, hakuna mstari, hakuna ndevu, koo ni jeupe-jeupe. Mgongo ni wa rangi ya kutu na hauna michirizi. Dume na jike wanafanana kabisa, kwa hiyo ukiona wawili wamekaa pamoja, wote kichwa kijivu kitupu, umeshapata jibu.

Lakini huyo naye ana ndugu, na hapa hata wataalamu wamebishana kwa miaka mingi kama ni ndege mmoja mwenye sura nyingi au ni ndege mbalimbali. Yuko mwenye mdomo wa kasuku, anayependa sehemu kavu. Ni mkubwa zaidi, mdomo wake ni mnene ajabu, na ukijivu wake umeshuka mpaka tumboni, hata koo halitofautiani sana na kifua. Yuko pia wa Maasai Mara na Serengeti. Huyo wanasayansi wamemwita Passer suahelicus, yaani shomoro wa Waswahili. Nami nafurahi kwamba kati ya ndege wote duniani, yuko aliyepewa jina letu, ingawa hajui hata salamu.

Wa mwisho ni shomoro mdogo wa hudhurungi. Kwa umbo ni sawa na kwelea, na dume wakati wa kuzaa huwa hudhurungi mwili mzima, kichwa mpaka mkia, kama kahawa iliyokaangwa. Ana tabia moja ya ajabu: huwanyang’anya ndege wafumaji viota vyao na kuzalia humo. Mjini tunawajua watu wa namna hiyo.

Pengine sasa kichwa kinakuzunguka. Usijali. Yote niliyoyasema unaweza kuyafunga katika maswali manne, na nakuomba uyaulize kwa mpangilio huu. La kwanza, mdomo ni mwekundu? Ukiwa mwekundu, simama hapo, huenda ni kwelea. La pili, kooni pana doa jeusi? La tatu, jicho ni jeusi au limepauka? La nne, mgongo una michirizi au ni mtupu? Andika majibu kwenye daftari kabla ya kufungua kitabu chochote. Ukifungua kitabu kwanza, macho yataona kile kilichochorwa kitabuni, na ndege atakuwa ameruka. Ukipata majibu mawili tu kati ya manne, andika “shomoro” na tarehe, uende zako. Hakuna anayekudai jina, na jina la kubahatisha ni baya kuliko kukosa jina.

Huhitaji darubini ya bei kubwa. Ndege hawa wanakaa karibu nasi kuliko ndege wengine wote. Kituo cha basi kinatosha, dirisha la ofisi linatosha, na saa nzuri ni asubuhi kabla jua halijawa kali, mwanga ukiwa nyuma yako. Jua likiwa nyuma ya ndege, kila shomoro ni mweusi na kila mtaalamu ni mwongo.

Nimerudia neno “kutambua” mara nyingi, na mtu wa haraka ataniambia kwamba sumu haijali majina. Ni kweli, na ndilo linalonitia hofu. Mwaka 1958 nchi ya China ilianzisha kampeni ya kuangamiza viumbe wanne waharibifu: panya, nzi, mbu na shomoro. Wananchi walipiga masufuria na ngoma ili shomoro wasipate pa kutua, wakaanguka kwa uchovu. Viota vilibomolewa, mayai yakavunjwa. Shomoro walikuwa wakila nafaka, hilo halikuwa uongo. Lakini shomoro hulisha makinda yao wadudu, na walipokwisha, wadudu walipata nafasi mashambani. Kufikia 1960 shomoro alikuwa ameondolewa katika orodha ile na mahali pake akawekwa kunguni. Njaa kubwa iliyoikumba China kati ya 1959 na 1961 ilikuwa na sababu nyingi, na siasa ilikuwa mbele. Hata hivyo kuuawa kwa ndege hakukuwasaidia wakulima, kuliwaongezea maadui.

Hapa kwetu dawa inayotumika dhidi ya kwelea, fenthioni, huua pia ndege wengine waliolala kwenye miti ile ile. Mwewe na bundi wanaookota mizoga nao huweza kudhurika. Hiyo ni kazi ya wataalamu wanaovaa kinga na kujua wanachokilenga, na hata wao hulaumiwa. Je, itakuwaje kila mwenye kibanda akijitengenezea sumu yake kwa sababu ameona ndege wa kahawia? Kuanika mtama chini ya kipande cha wavu ni gharama ndogo, na haumwui mtoto wa mtu.

Kwa wale watakaopenda kuendelea, yako matembezi ya kutazama ndege ya Jumatano asubuhi, yaliyoanzishwa Nairobi mwaka 1971 na kuongozwa kwa miaka mingi na Bi. Fleur Ng’weno. Wengi wamejifunzia humo wakiwa hawajui hata njiwa na tetere. Na kwa wasio na nafasi Jumatano, kazi ya nyumbani ni hii: kesho, kabla ya kupanda gari, mtazame shomoro mmoja kwa dakika mbili kamili. Mdomo, koo, jicho, mgongo. Kisha mwulize aliye karibu nawe ameona nini. Mkitofautiana, tazameni tena.

Hadi juma lijalo, tukijaliwa, nawatakia heri.