Gesi ya Ziwa Kivu: Jirani wa mtambo anadai nini?

Na Mwandishi Wetu, Mbugangari

Saa kumi na moja alfajiri, kabla jua halijatoka, barabara za Mbugangari zinazoelekea Petite Barrière zimeshajaa watu. Kina mama wamejitwika mabeseni ya karoti, vitunguu na kabichi. Watu wenye ulemavu wanasukuma baiskeli zao za magurudumu matatu, magunia yakiwa yamepangwa hadi juu. Wengine wana maziwa, wengine kuku, wengine sambaza waliovuliwa usiku huo huo ziwani. Wote wanaelekea Goma. Kabla ya janga la Uviko-19 ilikadiriwa kwamba zaidi ya watu 40,000 walikuwa wakivuka hapa kila siku, na hivyo kuufanya mpaka huu mdogo kuwa miongoni mwa mipaka yenye pilikapilika nyingi zaidi barani Afrika.

Mchukue mama mmoja kati ya hao, muuza sambaza. Samaki wake ni wabichi asubuhi, na kufikia saa sita mchana bei imeanza kushuka. Mpaka ukifungwa mapema, au foleni ikiwa ndefu, hana pa kuwahifadhi. Atawauza kwa bei ya kutupa au atawaanika juani na kupokea pungufu. Friza ingempa siku mbili tatu za kusubiri bei nzuri. Lakini friza inataka umeme usiokatika, na umeme unataka pesa ya kuunganishwa na pesa ya kujaza mita, ile ambayo hapa Rwanda kila mtu anaiita kashipawa.

Ziwa hilo hilo linalompa sambaza ndilo linalotoa umeme. Ndiyo maana swali la makala haya linamhusu yeye kabla ya kumhusu waziri au mwekezaji: kampuni ya nishati inapochota utajiri ulio chini ya maji ya jirani yake, jirani huyo anadai nini?

Utajiri wenye hatari ndani yake

Ziwa Kivu lina kina cha karibu mita 485. Chini kabisa, kwa uzito wa maji yaliyo juu yake, limefungia gesi nyingi ajabu: takriban kilomita za ujazo 300 za kabonidayoksaidi na karibu 60 za methani. Gisenyi ilianza kuionja gesi hiyo zamani. Tangu mwaka 1963, methani iliyochotwa Rubona ilitumika katika kiwanda cha bia cha Bralirwa. Baadaye ukaja mtambo wa majaribio wa serikali wa KP1 hapa hapa Rubavu. Mwishoni mwa 2015 mradi wa KivuWatt wa kampuni ya ContourGlobal ulianza kutoa umeme wa kibiashara huko Karongi, zaidi ya megawati 26. Kisha ukafuata mradi wa Shema Power Lake Kivu, uliobuniwa kwa megawati 56, katika sekta ya Nyamyumba, kusini kidogo ya mji wa Gisenyi.

Kazi yenyewe si ngumu kuelewa. Bomba refu linashushwa kutoka kwenye jukwaa linaloelea, mamia ya mita kwenda chini. Maji yanapopanda, mgandamizo unapungua na gesi inatoka kwa povu, kama chupa ya soda inavyofunguliwa. Methani inatenganishwa, inasafishwa na kupelekwa nchi kavu kuendesha mashine za kuzalisha umeme. Maji yaliyobaki yanarudishwa ziwani.

Hapo kwenye kurudisha maji ndipo lilipo deni la kwanza la kampuni kwa majirani, nalo ni usalama. Tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos la nchini Kameruni lilitoa kabonidayoksaidi kwa ghafla usiku, na watu wapatao 1,700 wakafa vijijini kwao. Kivu ni kubwa mara nyingi kuliko Nyos, na kandokando yake wanaishi zaidi ya watu milioni mbili. Wataalamu wanasema kupunguza gesi kwa utaratibu kunapunguza hatari, lakini maji yakirudishwa kwenye kina kisichofaa yanaweza kuvuruga matabaka yanayoifungia gesi hiyo chini. Kwa sababu hiyo ulianzishwa mwaka 2008 mpango wa kulifuatilia Ziwa Kivu, ambao watu wake wanafanya kazi hapa Gisenyi, na wawekezaji wakawekewa masharti ya kiufundi.

Ni vizuri mfanyabiashara wa Mbugangari alielewe hili, kwa sababu kampuni inaweza kujenga madarasa kumi na bado ikawa jirani mbaya ikiwa haifuati masharti ya kina cha maji. Usalama si msaada wa kushukuriwa. Ni haki inayotangulia nyingine zote, na taarifa za vipimo vya ziwa zinapaswa kuwafikia wavuvi na wauzaji kwa lugha wanayoielewa.

Zawadi na picha zake

Deni la pili ndilo tunaloliona zaidi magazetini. Kampuni nyingi zinazofanya kazi Rwanda zimeshazoea njia za kuwasaidia majirani: kulipia familia maskini bima ya afya ya mutuelle, ambayo kwa miaka mingi mchango wake kwa wananchi wengi ulikuwa faranga 3,000 kwa mtu kwa mwaka, kutoa ng'ombe kwa mfano wa mpango wa Girinka ulioanza 2006, kukarabati madarasa, kuchimba visima.

Hakuna mwenye akili atakayebeza mambo hayo. Mtoto mwenye bima anatibiwa, na ng'ombe mmoja anaweza kubadili mlo wa nyumba nzima. Tatizo ni kwamba zawadi hutolewa siku anayotaka mtoaji, kwa kiasi anachotaka, mahali anapotaka. Mwaka ukiwa mbaya kwa kampuni, zawadi hupungua. Meneja mpya akija, huenda akapenda miti kuliko mutuelle. Aliyepokea hana la kuuliza, maana hata jino la farasi wa kupewa halichunguzwi na wengi wetu tulivyolelewa.

Kinachobaki baada ya picha kupigwa ndicho kipimo cha mfanyabiashara. Je, gharama yake ya kazi imepungua? Je, anaweza kuhifadhi bidhaa, kusaga, kushona, kuchomelea vyuma, kuuza hadi saa mbili usiku chini ya taa?

Ng'ambo ya mpaka

Ukivuka Petite Barrière na kuingia Goma, utakutana na kampuni iliyojaribu kulijibu swali hilo kwa njia nyingine. Virunga Energies ilizaliwa kutoka katika juhudi za kuilinda Hifadhi ya Taifa ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925 na ambayo ni kongwe kuliko zote Afrika. Hoja yake ilikuwa rahisi. Watu wanaoizunguka hifadhi wanakata miti kwa ajili ya makala, kama mkaa unavyoitwa Goma, na vijana wasio na kazi wanaishia kwenye makundi yenye silaha. Wakipata umeme na kazi, msitu utapumua na amani itapata nafasi.

Mtambo mdogo wa maji wa Mutwanga, ng'ambo ya Kasindi kwenye mpaka wa Uganda, ulianza mwaka 2013. Wa Matebe huko Rutshuru, wa megawati zipatazo 13, ukafuata mwishoni mwa 2015 kwa ufadhili wa Howard G. Buffett Foundation. Baadaye nyaya zikafika Goma.

La kujifunza hapa ni jinsi umeme wenyewe ulivyofanywa kuwa ndiyo huduma kwa jamii. Kampuni iliweka taa za barabarani na kusaidia mashine za kusukuma maji ya kunywa. Wenye biashara ndogo waliwekewa utaratibu wa mikopo unaolipwa kidogo kidogo kupitia ununuzi wa umeme kwenye mita. Mwenye kinu cha kusaga au karakana hakuambiwa asubiri zawadi. Alipewa umeme, mtaji na deni analoweza kulilipa. Huko Mutwanga kikaja kiwanda cha sabuni kinachotumia mawese ya wakulima wa eneo hilo, badala ya mafuta yote kuvushwa yakiwa ghafi na kurudi yakiwa sabuni ya bei juu. Uongozi wa hifadhi umekuwa ukikadiria kwamba kila megawati moja inaweza kuzaa ajira kati ya 800 na 1,000. Hayo ni makadirio ya mwenye mradi, na yapimwe hivyo, lakini mwelekeo wake unaeleweka.

Njia hiyo nayo ina mipaka yake. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, lava ilikata nyaya za umeme na mabomba ya maji. Mitetemeko ilipasua nyumba hata huku Rubavu, na maelfu ya watu wa Goma wakavuka kuja kujisitiri Rwanda. Wakati wa mapigano ya Januari 2025, umeme ukakatika tena Goma, na maji yakakatika pamoja nao, kwa kuwa pampu haziendi bila umeme. Watu wakarudi kuchota ziwani na madumu. Siku kama hizo ndipo mtu anapojua kwamba nyaya za umeme ndizo pia afya ya mji.

Neno lililoandikwa

Deni la tatu ni lile lililoandikwa katika sheria, na hapa majirani zetu wa Afrika Mashariki wana ya kutufundisha, mazuri na machungu.

Kenya ina Sheria ya Nishati ya mwaka 2019. Kwa mvuke wa ardhini, kama ule wa Olkaria, sheria hiyo inataka mrabaha ulipwe na kugawanywa: asilimia 75 kwa serikali kuu, asilimia 20 kwa kaunti na asilimia 5 kwa jamii ya mahali. Asilimia 5 inaweza kuonekana ndogo, lakini haitegemei huruma ya meneja. Olkaria yenyewe ina historia ya uchungu. Mwaka 2014 familia zipatazo 150 za Wamaasai zilihamishwa kupisha mradi wa Olkaria IV. Malalamiko yao yalifika hadi kwa wafadhili, Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, na ikabidi kukaa upya mezani kwa usuluhishi.

Tanzania ilipata somo lake Mtwara mwaka 2013. Wananchi walioona gesi yao ikielekezwa Dar es Salaam kwa bomba walifanya ghasia, watu wakafa na mali zikachomwa. Mabishano hayakuwa juu ya zawadi. Yalikuwa juu ya nani anafaidika, na kama kuna mtu aliyewaeleza watu wa Mtwara mapema.

Jirani ni nani?

Kwa Ziwa Kivu swali hili lina uzito zaidi, kwa kuwa maji yake yako kwenye nchi mbili. Rwanda na Zaire ya wakati huo zilikubaliana tangu mwaka 1975 kwamba gesi hiyo ni ya wote wawili. Na maji yanayotoka ziwani humo yanaingia mto Ruzizi, ambako mtambo wa Ruzizi II, tangu 1989, unazihudumia Rwanda, Burundi na Kongo kwa pamoja. Kongo nayo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Kwa hiyo mchuuzi wa Mbugangari na mteja wake wa Birere, upande wa Goma, ni majirani wa mitambo ile ile, ingawa kampuni inapopanga bajeti ya jamii huangalia vijiji vilivyo karibu na geti lake tu.

Wafanyabiashara wa mpakani hawana haja ya kusubiri waitwe. Wengi wako katika vyama vya ushirika, na Rwanda ina mikutano ya wananchi na imihigo ya wilaya ambamo mambo kama haya yanaweza kuingizwa. Maswali ya kupeleka huko ni machache. Vipimo vya usalama wa ziwa vinatangazwa wapi, na kwa lugha gani? Fedha za kampuni kwa jamii ni kiasi gani kwa mwaka, na nani anakaa kwenye kamati inayozigawa? Je, sehemu yake inaweza kujenga chumba cha baridi cha ushirika karibu na soko la mpakani, au kulipia ushirika gharama ya kuunganishwa umeme, wao wenyewe wakijaza mita? Na taa za njia ya kwenda Petite Barrière zikiungua, ni nani mwenye jukumu la kuzibadilisha, na kwa siku ngapi?

Muuza sambaza wetu hahitaji kusifiwa kwenye sherehe. Anahitaji kujua kwamba samaki alionunua alfajiri hawatamharibikia mchana kwa kukosa umeme unaotoka katika ziwa lile lile. Kikao kijacho cha ushirika wake kikimpa nafasi ya kusema, na aanzie hapo.