Mbio za mjini na hesabu ya Kariakoo

Desemba 2024, mbele ya mkutano mkuu wa FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, uliofanyika Kigali, Rwanda ilitangaza kwamba inawania kuandaa Formula 1. Uwanja uliokusudiwa ulikuwa Bugesera, jirani na uwanja mpya wa ndege, nje ya jiji. Miezi tisa baadaye Kigali hiyohiyo ilifunga barabara zake za katikati kwa wiki nzima kupisha ubingwa wa dunia wa baiskeli za barabarani, wa kwanza kufanyika Afrika. Shule zikafungwa na watumishi wa umma wakaambiwa wafanyie kazi nyumbani. Swali la mbio za mitaani limeshafika jirani, na halitakawia kuletwa Dar es Salaam likiwa na mchoro wa rangi na makadirio ya mapato. Jibu langu ni kwamba katikati ya Dar, kuanzia bandarini hadi Kariakoo, mbio za magari hazilipi. Kelele na moshi si sababu kubwa. Faida ya mbio hizi huingia mifuko michache inayojulikana, hasara yake huwaangukia watu wengine kabisa, na hapa kwetu watakaoangukiwa ni wengi kuliko huko zilikofanikiwa.

Biashara yenyewe iko hivi. Mwenye haki za mashindano humuuzia mji nafasi kwa ada ya uenyeji. Mwandaaji wa ndani hukusanya tiketi na wadhamini wadogo. Fedha za televisheni na za mabango makubwa kwa kawaida hubaki kwa mwenye mashindano. Mji unaachiwa lami, polisi, zimamoto na muda. Mbio ni siku tatu, lakini vizuizi vya zege haviji kwa usiku mmoja: kuvipanga na kuviondoa huchukua wiki kadhaa, na hizo ndizo zinazowaumiza wakazi. Singapore, inayoandaa Formula 1 ya usiku tangu 2008, ni mfano unaopendwa na kila mtetezi, na ni mfano mzuri kweli. Katika mkataba ulioanza 2018 gharama zilikuwa takriban dola milioni 135 za Singapore kwa mwaka, serikali ikibeba asilimia 60. Lakini tangu mwanzo serikali hiyo ilizitoza hoteli tozo maalumu kwenye mapato ya vyumba vya siku za mbio, kwa kuwa ilijua fika nani anavuna. Hata hivyo wenye maduka ya eneo la Marina, ambako njia inapita, wamelalamika kwamba wateja wao wa kawaida hukimbia.

Kwingine mambo hayakwenda hata hivyo. Valencia, mji wa bandari wa Hispania, ilichora njia yake kuzunguka gati na kuandaa mbio tano kati ya 2008 na 2012. Viongozi wa jimbo waliahidi kwamba mlipakodi hatatoa hata senti. Mwisho wake jimbo likabebeshwa madeni, na njia ikabaki gofu. Montreal iliandaa Formula E, ya magari ya umeme, Julai 2017. Maelfu ya tiketi yaligawiwa bure ili majukwaa yasionekane matupu, meya akashindwa uchaguzi Novemba, na aliyemrithi, Valérie Plante, akazifuta kabla ya mwaka kwisha. Cape Town ilipokea mashindano hayohayo Februari 2023, na mwaka uliofuata hayakurudi. Las Vegas, mji ulioumbwa kwa ajili ya wageni, wafanyabiashara wa kando ya njia walikwenda mahakamani baada ya mbio za 2023 wakidai daraja la muda na ukarabati wa miezi mingi uliwafungia wateja nje. Kama Las Vegas inalalamika, sisi tujiulize mara mbili.

Mhandisi akiombwa kuchora njia ya mbio Dar, kalamu yake itakwenda yenyewe ufukweni: Sokoine Drive, Kivukoni, Barack Obama Drive, kisha irudi mjini kwa Ohio. Picha ya kutoka angani itapendeza. Chini ya picha hiyo kuna pantoni ya Magogoni inayovusha watu wa Kigamboni, soko la samaki la Feri, boti za Zanzibar, kituo cha mwisho cha mwendokasi, Ikulu, na Taasisi ya Saratani Ocean Road, ambako mgonjwa wa mionzi hupangiwa kufika siku baada ya siku bila kuruka. Ukikwepa ufukwe ukasogea ndani, unaangukia Kariakoo, kwenye Msimbazi, Lumumba na Uhuru, na hapo barabara ndiyo sakafu ya duka. Kontena likitoka bandarini hufunguliwa karibu na stoo. Makuli wanashusha, guta na kirikuu zinagawa katoni kwenye fremu za Kongo, Aggrey na Narung'ombe. Winga anamdaka mteja aliyetoka Lusaka au Lubumbashi, anamzungusha fremu tatu nne, na anakula cha juu alichopachika kwenye bei. Mbele ya fremu machinga amepanga soksi zake, na mama lishe anawauzia wote hao wali maharage. Jioni bodaboda anabeba furushi kulipeleka kwenye basi. Hakuna hata mmoja kati yao anayehitaji gari la mbio lipite mlangoni kwake ili aumie. Inatosha njia za kutoka bandarini zibanwe kwa wiki tatu.

Mchumi atauliza kama mauzo hayo yanapotea au yanaahirishwa tu. Swali ni la haki, na kwa mwenye fremu aliye na mtaji jibu ni kwamba mengi yanaahirishwa: kitenge kisichonunuliwa Alhamisi kitanunuliwa Jumatatu. Kwa winga, kuli na mama lishe haiko hivyo. Sufuria ya wali ambayo haikupikwa leo hailiwi mara mbili kesho, na marejesho ya mkopo wa kausha damu hayasubiri bendera ya ushindi. Mteja wa kigeni naye amekuja na fedha za siku chache za gesti. Akikuta mji umefungwa, safari ijayo anaweza kwenda Kampala au kuagiza moja kwa moja China. Uzito wa siku chache za Kariakoo serikali inaufahamu vizuri. Mei 2023 wafanyabiashara wenyewe walifunga maduka wakipinga kamatakamata ya Mamlaka ya Mapato (TRA); ilipofika tarehe 17, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikuwa Mnazi Mmoja akiwasikiliza. Juni 2024 walifunga tena. Waziri Mkuu haendi uwanjani kwa hasara ya kupuuzwa.

Ipo hoja nzito zaidi: kwamba barabara hizi tunazifunga kila mara kwa sababu nyingine na jiji halijafa. Januari 2025 Dar ilipokea wakuu wa nchi kwa mkutano wa nishati wa Mission 300, barabara kadhaa za katikati zikafungwa, na watumishi wa umma wakaelekezwa kufanyia kazi nyumbani, kama ilivyokuja kuwa Kigali. Mkutano ule ulihusu kuwafikishia umeme Waafrika milioni 300, na siuoni kuwa ni kosa. Ila tazama utaratibu wake. Mtumishi wa umma akibaki nyumbani mshahara unaingia uleule. Dereva wa bodaboda wa Kivukoni akibaki nyumbani, siku ile imekwenda na maji, na bosi mwenye pikipiki bado anadai hesabu yake. Kinachoitwa usumbufu kwa mmoja ni mapumziko kwa mwingine. Shughuli ya kitaifa inaweza kuomba uvumilivu huo mara moja moja. Kampuni ya burudani inayouza tiketi haina haki ya kuuomba bure.

Kuhusu kuitangaza nchi: watalii zaidi ya milioni 2.1 waliokuja 2024 hawakuvutwa na lami ya Sokoine Drive. Walifuata Serengeti, Kilimanjaro na Zanzibar, na kwa wengi wao Dar ni mahali pa kubadilishia ndege au kupandia boti. Kenya imelielewa hili. Safari Rally, iliyoanza 1953 ikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 ilipewa Nairobi kwa uzinduzi na onyesho la Kasarani. Mashindano yenyewe yakapelekwa Naivasha, Kedong, Hell's Gate na Soysambu. Vumbi na pundamilia nyuma ya gari ndilo tangazo lenyewe, na huko malalamiko ni ya bei za vyumba kupaa, ugonjwa ambao mji wowote ungeutamani. Rally zetu wenyewe zimezoea mashamba ya Morogoro na Arusha. Hoja ya kwamba mbio zitatuachia barabara nzuri haihitaji maneno mengi: mvua zikinyesha, Kariakoo hutenganishwa na Magomeni na maji ya Jangwani, na hakuna mwandaaji wa mbio anayejenga mifereji.

Hayo hayamaanishi kwamba mtaa usifungwe kamwe. CRDB Bank Marathon hutumia barabara za jiji Jumapili alfajiri, watu wanakimbia, fedha zinachangia upasuaji wa moyo wa watoto katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete (JKCI), na kabla jua halijawa kali magari yanapita. Muda mfupi, siku ya mapumziko, mbali na mlango wa bandari: hiyo ni bei inayolipika. Anayetaka zaidi ya hapo, hasa kwa injini, aweke dhamana benki kabla ya zege la kwanza kushushwa, ya kuwafidia wanaoishi kwa kipato cha siku ndani ya eneo litakalofungwa. Nitaambiwa watu hao hawahesabiki. Mwishoni mwa 2018 serikali ilianza kuwapa wamachinga vitambulisho kwa shilingi 20,000 kimoja, kwa hiyo tulipotaka kupokea tuliweza kuwahesabu. Bodaboda wana vituo na viongozi wao, na karibu kila mmoja ana namba ya simu inayopokea fedha. AFCON ya 2027, tutakayoiandaa pamoja na Kenya na Uganda, italeta misafara na barabara zilizofungwa, mbio ziwepo au zisiwepo, na utaratibu huu unaweza kujaribiwa hapo kwanza, kwa kiwango kidogo, Halmashauri ya Jiji ikishika daftari na Jumuiya ya Wafanyabiashara Kariakoo ikilikagua.