Mpenzi, Usinisukume!

Asikwambie mtu, Njombe ni mji wa milima. Ukitoka nyumbani ama unashuka ama unapanda, na Juni na Julai unapanda huku unatetemeka kwa baridi. Kwa mwenye miguu ni mazoezi. Kwa mimi ninayetembelea baiskeli ya miguu mitatu, ya kunyonga kwa mikono, ni shughuli pevu.

Polio ilinipitia nikiwa mtoto, miguu yote miwili ikapoteza nguvu. Nina kibanda changu cha kushona mjini na cherehani ya mkono ndiyo inanilisha. Mchumba wangu ni mfanyabiashara wa viazi wa Makambako, kama kilomita 60 kutoka hapa. Alikuja kupunguza suruali, akarudi kesho yake na nyingine, na nyingine tena. Nikajua huyu hana shida ya suruali.

Najua mmezoea kusoma humu habari za wanaume wasiojali. Wangu alijali mpaka nikakosa hewa.

KILA JIONI, MIKONO MGONGONI

Kila akija Njombe, tukifunga kibanda anashika mgongo wa baiskeli yangu na kunisukuma mlima mzima mpaka nyumbani. Mtaa ukashangilia. "Dada, huyo usimwachie!" Mama alimwita mwanangu kabla hata hajaleta posa. Nami nilicheka nao, maana nani atalalamika kwamba anapendwa?

Lakini jamani, anayekusukuma yuko nyuma yako. Humwoni uso. Ukitaka kusimama umsalimie jirani, "Kamwene" inaishia hewani, baiskeli imeshapita. Simu yake ikilia mnasimama wote. Ukichoka kukaa, unaenda tu.

Siku moja tuligombana katikati ya mlima, kitu kidogo tu, kuhusu pesa za kitambaa. Akaachia mikono. Baiskeli ikarudi nyuma kama hatua tatu kabla sijabana breki. Aliomba radhi usiku ule ule, tena kwa machozi. Nilimsamehe. Ila usingizi haukuja, kwa sababu nilikuwa nimegundua jambo: kumbe siku zote hizo ningeweza kuachiwa.

WANAWAKE WANAOLALA CHALI NA KUKIMBIA

Mwaka 2024, wakati wa Paralimpiki ya Paris, mteja mmoja alinionyesha kwenye simu yake mbio za baiskeli za mikono za wanawake. Nilisahau kupima nguo yake.

Zile si kama zangu. Mwanamke amelala chali karibu na lami, miguu mbele, helmeti kichwani, vishikio viko juu ya kifua. Mikono yote miwili inasukuma kwa pamoja, siyo kupishana kama miguu kwenye baiskeli ya kawaida. Ina gia za kupandia mlima. Yangu ni chuma kizito, mnyororo mmoja, gia hakuna.

Nikaanza kuulizia. Kumbe wanashindana kwa madaraja, kutoka H1 mpaka H5. H1 ni wale ambao hata mikono imeathirika sana. H5 hupiga magoti, wanatumia kiwiliwili chote kusukuma. Paralimpiki ya Athens mwaka 2004 mchezo huu uliingia kwa wanaume tu. Wanawake walisubiri mpaka Beijing 2008, ambako Mjerumani Andrea Eskau alichukua dhahabu ya mbio za barabarani na Mwingereza Rachel Morris ile ya kukimbia na saa.

Paris, dhahabu ya barabarani ya H5 ilikwenda kwa Oksana Masters wa Marekani. Alizaliwa Ukraine mwaka 1989, miaka mitatu baada ya ajali ya nyuklia ya Chernobyl, akalelewa kwenye vituo vya yatima mpaka mama wa Kimarekani alipomchukua. Miguu yote miwili alikatwa. Ile ya H1 hadi H4 aliichukua Lauren Parker wa Australia, aliyepooza baada ya kuanguka na baiskeli mazoezini mwaka 2017. Paris hiyo hiyo alishinda na triathloni.

Usiseme ni mambo ya Wazungu. Mashindano ya dunia ya baiskeli kwa wenye ulemavu yalifanyika Pietermaritzburg, Afrika Kusini, mwaka 2017. Anne Wafula Strike, mzaliwa wa Kenya aliyeugua polio utotoni kama mimi, aliiwakilisha nchi yake kwenye mbio za viti Athens 2004. Na hapa kwetu, Kilimanjaro Marathon kule Moshi imewahi kuwa na mbio za kilomita 10 za wenye ulemavu, za viti na za baiskeli za mikono.

Lakini kilichonigusa hasa siyo medali. Niliangalia nyuma ya kila mwanamke. Hapakuwa na mtu.

NILIPOMWAMBIA

Sikutaka kumwambia Njombe, mbele ya mashabiki wake. Nikapanda basi, baiskeli kwenye keria, mpaka Makambako. Tukiwa tunatoka upande wa stesheni ya TAZARA akashika mgongo wa baiskeli kama kawaida.

"Mpenzi, usinisukume. Tembea pembeni yangu."

"Watu watanionaje? Nakuacha unahangaika?"

"Kwa hiyo unawasukumia watu?"

Hakujibu. Alinifikisha stendi kimyakimya, na wiki mbili simu yake haikulia. Mama alinuna kuliko yeye. "Unachezea bahati," akasema. Sitawadanganya, na mimi niliogopa. Nililia juu ya cherehani mpaka nikashona mkono wa blauzi kinyume.

Ila kila alfajiri nilinyonga. Siku ya kwanza nilifika nguzo ya pili ya umeme nikaishiwa. Wiki ya pili nilifika nusu. Kisha ikaja meseji: "Nije? Nitatembea pembeni."

SHOSTI, KAMA NAWE UNANYONGA

Anza polepole na pasha mabega moto kwanza, maana ndiyo miguu yako. Vaa glovu. Jaza upepo matairi, tairi laini linakula nguvu. Kalia mto mzuri na ujiinue mara kwa mara, vidonda vya kukaa si mchezo. Funga kitambaa chenye rangi kali nyuma, na breki zikaguliwe kabla ya kila mteremko.

Na wewe mwenye miguu mizima, ukitaka kusaidia, uliza. Halafu subiri jibu.

Mimi sasa napanda mlima wangu kwa dakika 25, nikipumzika mara tatu. Yeye anabeba mkoba, tunaongea, namwona akicheka. Posa bado hajaleta, tunazungumza.

Juzi nilichoka kweli. Nikamwambia, "Leo nisukume kidogo."

"Mpaka wapi?"

"Pale kwenye mparachichi."

Akasukuma. Tulipofika kwenye mparachichi, akaachia, nami mkono wangu ulikuwa tayari kwenye breki.