Mtoto wa asubuhi na mtoto wa mchana: namna ya kupanga kazi ya vijana baada ya masomo

Katika miji yetu, Bukavu, Uvira, Butembo au Bunia, paruwasi nyingi zinatamani kuwa na kazi ya vijana baada ya masomo: marudio ya hesabu na Kifaransa, ushonaji, kompyuta, mpira. Kwa kawaida watu huanza kwa kutafuta vyombo na mwalimu. (Wengine huanza na fulana zenye jina la paruwasi, hizo zingeweza kungoja.) Mimi ningeanza na saa.

Shule zetu za mjini hazina saa moja ya kutoka. Vyumba ni vichache, kwa hiyo mara nyingi jengo moja linapokea makundi mawili: la asubuhi, linalotoka karibu saa sita na nusu, na la mchana, linalotoka karibu saa kumi na moja na nusu. Tangu masomo ya msingi katika shule za umma yalipofanywa kuwa ya bure mwaka 2019, madarasa yamejaa zaidi. Basi mtoto wa asubuhi anapokuwa huru, benchi lake limekwisha kukaliwa na mwingine. Mtoto wa mchana anapotoka, giza linakaribia, na hakuna mzazi atakayekubali binti yake abaki. Kwa mtoto huyo, kazi hii inapaswa kufanyika kabla ya masomo, tuseme saa mbili hadi saa nne asubuhi. Mahali papo: ni jengo la kanisa, ambalo siku za juma linafungwa kwa kufuli.

Kisha achaguliwe mratibu mmoja, si komite ya watu kumi na wawili. Kazi yake ya kwanza ni kumwona direkta au prefe, halafu komite ya wazazi. Mapatano ya mwaka 1977 kati ya Serikali na makanisa yanalipa kanisa usimamizi wa shule zake, lakini hayamfanyi mchungaji wa mtaa kuwa mkuu wa shule. Aketi pia na makanisa jirani, maana mara nyingi wote wanawaita watoto walewale Jumamosi, na Jumanne hakuna anayewaita.

Jambo ambalo haliwezi kuachwa ni daftari: jina, shule, kundi la asubuhi au la mchana, avenu, simu ya mzazi. Mtoto akikosa mara tatu, watu wawili waende nyumbani kwake. Huko ndiko mtajua kwamba minervali ya sekondari imekosekana, kwamba binti anachota maji saa ileile ya kipindi, au kwamba kijana ameanza kutembea na watu wenye silaha. Watu hao wanampata kwa urahisi kijana ambaye hakuna anayeuliza aliko.

Walimu waelezwe tangu mwanzo kama watapewa kitu au hapana. Tena, mtu mzima asibaki peke yake na watoto: wawe wawili, na mlango uwe wazi.

Wakati mwema wa kuwaona wakuu wa shule ni mwezi wa nane, kabla ya masomo kufunguliwa mwezi wa tisa. Ukienda mwezi wa kumi, utakuta ratiba zimekwisha kubandikwa ukutani.